Mkebe wa Mchana: Je, Mwenzio Anakula Nini Akiwa Kazini?



Leo katika ukurasa wetu wa ndoa sitazungumzia mahari, wala wakwe, wala ulevi. Juu ya hayo mengi yamekwisha kuandikwa. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo dogo, dogo kiasi kwamba huenda ukacheka: chakula cha mchana ambacho mume au mke huondoka nacho asubuhi kwenda kazini. Tafadhali usifunue ukurasa mwingine. Nimeona ndoa ikitikiswa na mkebe wa chakula, na nimeona mkebe huohuo ukisaidia kuiweka tena mahali pake.

MKEBE ULIORUDI MTUPU

Katika vilima vya Nyamira, ambako mashamba ya chai huteremka hadi mitoni, wanaishi bwana na bibi ambao sitawataja majina. Bwana ni fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha majani chai. Bibi huchuma chai katika shamba lao dogo na kuwalea watoto wanne.

Bwana alipopata kazi hiyo, walikubaliana kwamba hatakula hotelini, ili fedha ziende kwenye karo. Basi bibi akawa anaamka saa kumi alfajiri. Anawasha moto, anasonga ugali wa wimbi, anachemsha chinsaga, au anapika ndizi na maharagwe. Anapakia katika mkebe wa Kasuku uliooshwa vizuri, anaufunga kwa kitambaa, anauweka mezani. Kila jioni mkebe ulirudi mtupu, umefutwa safi. Bibi alifurahi. Kwake mkebe mtupu ulikuwa kama barua ya shukrani.

Ikapita miezi minane. Siku moja bibi alikwenda sokoni Keroka. Hapo mzee mmoja alimsimamisha, akavua kofia, akamsalimu kwa heshima. Alikuwa bawabu wa kile kiwanda. Akamwambia, "Mama, Mungu akubariki. Mimi ni mjane, sina mtu wa kunipikia. Tangu mwezi wa pili chakula chako ndicho kinachonishikilia. Ugali wako wa wimbi, hakuna mwingine kama huo."

Mzee yule hakujua kuwa anafichua siri. Alikuwa anashukuru tu. Bibi alirudi nyumbani bila kununua alichokuwa amefuata.

Jumatatu iliyofuata bwana alijitayarisha kwenda kazini, akakuta meza haina kitu.

"Mama watoto, mkebe uko wapi?"

"Muulize bawabu."

Tangu siku hiyo, kwa muda wa wiki tatu, hawakusemezana ila kwa kupitia watoto. "Mwambieni baba yenu maji ya kuoga yako tayari." "Mwambieni mama yenu nitachelewa." Mwishowe walikubali kwenda kwa wazee wawili wa Jumuiya yao Ndogo Ndogo, mume na mke walioishi katika ndoa miaka mingi.

Hapo bwana alieleza. Wiki yake ya kwanza kazini alifungua mkebe mbele ya wenzake, na mmoja akasema kwa sauti, "Fundi, naona umebeba boma zima!" Wote wakacheka. Vijana wale walikuwa wakila chapati na nyama katika kibanda nje ya lango. Bwana aliona aibu. Kesho yake alimpa bawabu ule mkebe, kwa kuwa hakutaka kutupa chakula cha Mungu, akaenda kibandani pamoja na wengine. Alikula kwa kuandikiwa. Kila mwisho wa mwezi mwenye kibanda alifungua daftari, na fedha zikapungua. Karo ya binti yao ilipokosekana, bwana alisema nyumbani kwamba malipo yamecheleweshwa.

"Sikumwambia kwa sababu sikutaka kumwumiza," akamaliza.

Bibi alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Baba watoto, kama ungeniambia siku ya kwanza, ningalilala hadi saa kumi na moja. Miezi minane umenifanya nimpikie mwanamume mwingine, na mimi sijui."

Wazee walicheka. Kisha walipomtazama usoni, wakaacha kucheka.

CHAKULA KINASEMA

Mpenzi msomaji, kwa nini bibi huyu aliumia hivyo? Chakula hakikutupwa, kilimshibisha mjane. Tunaweza hata kusema lilikuwa tendo la huruma. Lakini bibi hakulia kwa ajili ya ugali. Alilia kwa sababu kila alfajiri alikuwa anatuma ujumbe, na ujumbe ule haukuwa unafika.

Katika Kitabu cha Nabii Danieli, sura ya 14, sehemu ambayo sisi Wakatoliki tunayo katika Biblia yetu, imo habari ya nabii Habakuki. Siku moja huko Uyahudi alikuwa amepika mchuzi, amemegea mikate katika bakuli, naye alikuwa njiani kuwapelekea wavunaji shambani. Ndiyo, nabii wa Mungu alikuwa amebeba chakula cha mchana cha wafanyakazi! Malaika wa Bwana akamwagiza akipeleke chakula hicho Babeli, kwa Danieli aliyetupwa katika tundu la simba. Habakuki akajibu kwamba hajapata kuiona Babeli, na tundu lenyewe halijui. Malaika akamshika nywele za utosini akamfikisha. Na Danieli alipoona chakula, jambo la kwanza alilosema halikuhusu njaa. Alisema kwamba Mungu amemkumbuka.

Hiyo ndiyo maana ya mkebe. Mwenzio yuko mbali, pengine kati ya simba wake: msimamizi mkali, mashine zenye kelele, wateja wenye matusi, jua la machimboni. Saa saba anafungua kifuniko, na chakula kinamwambia, "Umekumbukwa. Yuko mtu aliyekuwaza kabla jua halijachomoza."

Mume aliyemficha mkewe alidhani anamkinga asiumie. Kwa kweli alikuwa anajikinga mwenyewe. Tuwe waangalifu na uongo unaojiita huruma. Uongo wa namna hiyo haukai peke yake. Ule wa mkebe ulizaa wa daftari la kibanda, na wa daftari ukazaa wa karo. Binti aliporudishwa nyumbani kutoka shuleni, alikuwa analipa deni la kicheko cha siku moja.

AIBU YA MKEBE

Pengine wewe msomaji pia umewahi kuficha mkebe wako. Umekaa pembeni ukala kwa haraka, ukiinamisha kichwa, kwa sababu umebeba viazi vitamu na mwenzako ana wali na kuku. Nataka kukukumbusha habari mbili.

Ya kwanza ni ya Yese na mwanawe Daudi, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 17. Yese alimtuma Daudi vitani awapelekee kaka zake bisi na mikate 10. Daudi aliamka alfajiri, akabeba mzigo. Na je, alipofika alishukuriwa? Hapana. Eliabu, kaka yake mkubwa, alimkasirikia na kumwuliza kondoo amemwachia nani. Aliyeleta chakula alipokewa kwa maneno makali. Wangapi kati yetu ni akina Eliabu! Mke amekesha jikoni, na neno tunalompa ni, "Leo tena maharagwe?"

Ya pili unaijua: mtoto wa mikate mitano na samaki wawili, katika Injili ya Yohane, sura ya 6. Mwinjili hakusahau kutaja kwamba mikate ile ilikuwa ya shayiri. Shayiri ilikuwa nafaka ya watu maskini. Mwenye uwezo alikula ngano. Basi mbele ya watu elfu tano ulifunguliwa mkebe wa kimaskini. Bwana Yesu hakuuliza kwa nini si ngano. Alishukuru. Na sidhani mtoto yule alijifungia chakula mwenyewe. Nyuma ya muujiza ule yuko mtu wa nyumbani kwao ambaye Injili haimtaji.

Ndugu zangu wa Kisii na Nyamira, mnaona aibu ya nini? Wimbi lina madini ya chokaa, yanayojenga mifupa, mengi kuliko mahindi. Chinsaga na managu zina madini ya chuma na vitamini. Ndizi zenu na maparachichi yenu hupakiwa katika malori kwenda miji mingine, na watu wa huko huyanunua kwa fedha. Je, kitu kinachotamaniwa mjini kinakuwaje cha aibu mikononi mwa mtu aliyekilima? Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

NA YEYE, NANI ANAMFUNGIA?

Turudi kwa wale wazee wa Jumuiya. Yule mama mzee alimgeukia bwana akamwuliza swali ambalo hakulitarajia: "Mwanangu, tumesikia habari za mchana wako. Je, mkeo mchana anakula nini?"

Bwana alifungua mdomo, akaufunga. Hakujua.

Wengi wenu hamjui pia. Mchumaji wa chai huingia shambani kungali na umande. Anachuma majani mawili na chipukizi, kikapu kikiwa mgongoni, mikono haipumziki. Majani hayawezi kungoja kesho, yanapaswa kufika kiwandani yangali mabichi. Basi mchana anayabeba hadi kituo cha kununulia, anapanga foleni, anangoja mizani na lori. Lori likichelewa, anakaa hapo hadi jioni. Bibi yule, aliyemfungia mumewe chakula kwa miezi minane, yeye mwenyewe alikuwa akishinda na kikombe cha chai ya mkandaa na kiporo kama kimebaki. Hakuna aliyemkataza kujifungia. Alijisahau tu, kama wake wengi wanavyojisahau, na mumewe akaona kuwa ni kawaida.

Wanaume, nisikilizeni. Mnapoahidiana altareni hakuna kiapo cha mke peke yake. Mtakatifu Paulo anawafundisha Waefeso kwamba mume ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe. Mwili wako ukiona njaa saa saba unajua. Njaa ya mkeo je? Ikiwa mkeo ni mwalimu, muuguzi, mchuuzi wa ndizi pale Daraja Mbili, au mchumaji wa chai, naye anahitaji mkebe. Ikiwa wote wawili mnatoka asubuhi, kwa nini aamke mmoja? Kumenya ndizi hakumpunguzii mtu uume wake. Bwana wetu mwenyewe, baada ya kufufuka, aliwasha moto wa makaa ufukoni akawaandalia mitume samaki na mkate, kwa kuwa walikuwa wamekesha kazini.

Na hili si jambo geni lililoletwa na vitabu. Wagusii tangu zamani walikuwa na risaga, majirani wakikusanyika kulima shamba la mmoja wao, na mwenye shamba akiwalisha. Wamisionari wa Mill Hill walipoanza misheni ya Nyabururu mwaka 1911, waliwakuta watu ambao tayari walijua kuwa anayefanya kazi sharti alishwe. Tusiisahau desturi hiyo ndani ya nyumba zetu.

HESABU YA MFUKONI

Tuache mahubiri kidogo tushike kalamu. Tuseme chakula cha kibandani ni shilingi 150, na cha kubeba kutoka nyumbani kinagharimu shilingi 50. Tofauti ni shilingi 100 kwa siku. Kwa siku 5 za kazi ni shilingi 500, kwa wiki 4 ni shilingi 2,000, na kwa miezi 12 ni shilingi 24,000. Weka bei za mahali pako ufanye hesabu yako mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Na vilevile haba na haba hukimaliza kibaba, hasa pale unapoandikiwa kwenye daftari.

Sisemi kula hotelini ni dhambi. Mama wa kibanda naye ana watoto, na kuketi na wenzako kuna faida yake. Dhambi ni kula kwa siri fedha mlizopanga pamoja.

VYAKULA VYA KUBEBA

Wasomaji wengi hulalamika kwamba hawajui wapike nini kila siku. Jaribuni mpango huu, mkiubadili kulingana na shamba lenu:

Jumatatu: Ndizi za kupika pamoja na maharagwe, kitunguu na nyanya. Maharagwe yachemsheni Jumapili jioni, asubuhi ni kuunganisha tu.

Jumanne: Ugali wa wimbi na chinsaga. Wengi huimaliza chinsaga kwa maziwa, lakini ya kubeba ichemsheni vizuri, muikaange ikauke, maziwa yanywewe nyumbani. Maziwa huharakisha kuharibika kwa chakula.

Jumatano: Viazi vitamu au nduma zilizochemshwa, parachichi na karanga za kuchoma. Hiki hakihitaji kupashwa moto, tena hakimwagiki. Karanga zilizoota ukungu zitupeni. Kuzikaanga hakuondoi sumu yake.

Alhamisi: Chapati mbili, ndengu zilizopikwa nzito, na ndizi mbivu.

Ijumaa: Mahindi na maharagwe, au ugali na omena waliokaangwa wakakauka. Hivyo mtakuwa pia mmejinyima nyama, kama Kanisa linavyotufundisha kutubu siku ya Ijumaa.

Shikeni na mashauri haya:

1. Chakula kipakiwe kikiwa cha moto sana katika chombo cha kutunza joto, na chombo hicho kwanza kijazwe maji yanayochemka kwa dakika chache. Vijidudu huzaana upesi katika chakula cha uvuguvugu, kati ya nyuzi 5 na 60.

2. Kiporo kichemshwe hadi kitoe mvuke kote. Lakini wali uliolala nje usiku kucha msibebe kabisa. Vijidudu vyake huweza kuacha sumu ambayo moto hauiondoi.

3. Asiye na chombo asihuzunike. Jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto hulainika, halipasuki, na hufunga ugali vizuri. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwezi Agosti 2017, lakini kikapu na jani vipo tangu mababu.

4. Sisi ni watu wa chai, lakini tusinywe chai pamoja na mboga. Chai huuzuia mwili usipate vizuri madini ya chuma yaliyomo katika chakula. Ngojeni kama saa moja. Hili ni muhimu hasa kwa mama mjamzito.

5. Wanaochonga mawe ya sabuni Tabaka, na wote wafanyao kazi penye vumbi, wafunike chakula na kunawa mikono hadi kwenye viwiko kabla ya kufungua.

6. Wagonjwa wa kisukari au vidonda vya tumbo wafuate maagizo ya daktari wao, na mwenzi ayajue maagizo hayo.

YALIISHAJE?

Msomaji atataka kujua mwisho wa wale bwana na bibi. Hakukuwa na muujiza. Bibi hakurudi jikoni kesho yake. Alisema moyo wake bado haujapoa, na wazee walimwambia hakuna ubaya, apumzike. Kwa wiki mbili bwana alijifungia mwenyewe, mara nyingi viazi vitamu tu. Deni la kibanda lilikuwa kubwa kuliko alivyosema mwanzoni, na ilibidi akubali hilo pia mbele ya mkewe. Walilipa kidogo kidogo kwa miezi minne.

Asubuhi moja bibi alipokwenda shambani alikuta juu ya kikapu chake cha chai kitu kimefungwa kwa jani la mgomba: viazi viwili na yai la kuchemsha. Hakuna aliyesema neno. Jioni aliporudi, alisema na mumewe moja kwa moja, bila kupitia watoto. Alimwambia, "Yai lilihitaji chumvi."

Siku hizi wanaamka wote wawili. Siku nne bwana hubeba mkebe, na siku moja hula kibandani na wenzake kwa fedha taslimu, kwa kukubaliana. Anaufungua mkebe mezani palepale alipochekwa. Kijana mmoja bado hutania. Mwingine ameomba kuonjeshwa chinsaga. Na yule bawabu mjane hakusahaulika. Hupata fungu lake, ila sasa bibi ndiye anayelipima, akijua ni la nani.

JIULIZENI LEO JIONI

Kabla ya kulala, zimeni redio, wekeni simu kando, kisha kila mmoja amjibu mwenzake kwa ukweli:

– Jana mchana mimi nilikula nini, na wapi? Je, ulijua?

– Kuna chakula unachonifungia ambacho sikipendi, nami nimeogopa kusema?

– Ninadaiwa mahali fulani kwa chakula au kinywaji bila wewe kujua?

– Ni lini mara ya mwisho nilikushukuru kwa chakula, si kwa mkebe mtupu bali kwa mdomo wangu?

Kama swali la tatu litaleta machozi, msikimbie. Afadhali machozi ya leo kuliko binti kurudishwa kutoka shuleni.

Mwaka 1955 Papa Pius XII alimwekea Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi sikukuu yake tarehe 1 Mei. Injili haituambii Yosefu alikula nini mchana katika karakana ya Nazareti, wala mkono wa nani ulimwandalia. Lakini nyumba ile ilijua kazi, na ilijua jasho. Tumwombe yeye na mchumba wake Bikira Maria wazitazame nyumba zetu saa ile ya alfajiri, moto unapowashwa, ili anayeondoka aondoke akijua amekumbukwa, na anayebaki ajue kuwa hakusahauliwa.